Kasha zima, roho imetoka

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: silaha inayozima mitambo ya elektroniki bila kubomoa ukuta wala kumwaga damu, je, ni ya kiungwana kuliko bomu? Mimi ni fundi wa redio na runinga hapa Majengo, Dodoma. Jibu langu ni hapana, na nitaanzia mezani kwangu.

Mvua zikishaanza Desemba, kazi yangu kubwa huwa runinga za radi. Mara nyingi radi haikuigusa hata nyumba yenyewe. Imepiga mtaa wa pili, msukumo wa umeme ukapita kwenye waya wa antena ukaingia ndani. Mama mmoja aliniletea ya kwake imefungwa kwenye khanga kama mtoto mchanga. "Fundi, mbona haina hata mkwaruzo?" Nikaifungua. Kwa macho bodi ilikuwa safi, lakini mita ikaonyesha ai-si tatu, yaani chipu za kwenye bodi, zimepiga shoti. Nilipomwambia ni nafuu anunue nyingine, alinitazama kama mwizi.

Silaha mnazozitaja zinafanya hivyo hivyo, ila kwa kukusudia. Waya wowote mrefu ni antena, upende usipende, na vijinjia vilivyomo ndani ya chipu vimezoea volti chache tu. Msukumo mkali, hata wa sehemu ndogo mno ya sekunde, unavitoboa. Redio ya mbao ya marehemu babu, ile yenye vali za kioo zinazowaka kama vibatari, ingevumilia kishindo ambacho kingeiua simu yako. Mwaka 1976 rubani wa Kisovieti alipotorokea Japani na ndege ya MiG-25, Wamarekani walikuta ndani yake vali za namna hiyo. Kuna waliocheka. Mimi nisingecheka.

Msukumo wa kutisha zaidi ni ule wa bomu la nyuklia. Tarehe 9 Julai 1962 Marekani ililipua bomu la megatoni 1.4 angani, kilomita 400 juu ya bahari ya Pasifiki. Huko Hawaii, umbali wa zaidi ya mara tatu ya safari ya Dodoma hadi Dar, taa za barabarani kama 300 zilizimika na ving'ora vya wezi vikalia vyenyewe. Miezi michache baadaye Wasovieti nao wakalipua lao juu ya Kazakhstan, na laini ya simu ya kilomita 570 ikaunguza fyuzi zake.

Siku hizi wanatafuta kitu kidogo zaidi. Oktoba 2012, jangwani Utah, kombora la Boeing lilipita juu ya jengo likimwaga mawimbi ya maikrowevu. Kompyuta zote zikazima, na kamera zilizowekwa kurekodi jaribio zikazima pia! Hakuna aliyeumia, wakapongezana.

Lakini jengo lile lilikuwa tupu. Vitani hakuna jengo tupu. Mei 1999 NATO ilidondosha nyuzi nyembamba za kaboni kwenye njia za umeme za Serbia, zikapiga shoti, na kama asilimia 70 ya nchi ikabaki gizani. Mafundi wa kule (nawavulia kofia) walifagia nyuzi na kurudisha umeme, zikadondoshwa tena, na baadaye mwezi huo huo mitambo ya umeme ikapigwa kwa mabomu ya kawaida. Iraki mwaka 1991 nyuzi na mabomu vilikwenda pamoja. Umeme ulipokufa, pampu za maji na mitambo ya majitaka ikasimama, na kipindupindu na homa ya matumbo vikafuata. Hao waliokufa kwa kuharisha, tuwaandike kwenye daftari la silaha gani?

Sisi wa Dodoma hili hatuhitaji kusimuliwa. Mji huu ni mkavu, na maji yetu mengi yanatoka visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, yakivutwa na pampu za umeme. Umeme ukikatika kutwa moja tu, utaona foleni ya madumu na bei ya mkokoteni inavyopanda. Sasa fikiria bodi za kuendeshea pampu zile zimeungua kwa ndani, kasha zima, na spea mpaka ziagizwe ng'ambo.

Kinga ipo. Chombo cha chuma kilichofungwa pande zote huzuia mawimbi yasiingie. Mwanasayansi Faraday alilionyesha hilo mwaka 1836. Mimi mwenyewe nina redio ndogo ya betri nimeihifadhi kwenye kopo la biskuti, mfuniko umebana vizuri. Mke wangu hunicheka kila akifagia karibu nalo. Juzi akaniuliza, na hiyo pampu ya Mzakwe, Baba, umeitafutia kopo?