Umesharudi nyumbani, kampuni inakudai mkwaruzo

*Naishi London. Nilikodi gari Málaga, Hispania, nikiwa likizoni, nikalirudisha usiku ofisi ikiwa imefungwa, funguo nikatumbukiza kwenye kisanduku chao. Sasa wamekata euro 640 kwenye kadi yangu, eti bampa imekwaruzika. Si mimi.*

Pole sana. Waandikie barua pepe leo. Usipige simu, maana maneno ya simu hayaachi ushahidi. Sema waziwazi kwamba unapinga deni hilo, kisha dai fomu ya ukaguzi ya kuchukua gari na ya kurudisha, picha zenye tarehe na saa, na ankara ya gereji au makadirio ya fundi. Anayedai ndiye athibitishe.

Kurudisha gari usiku kuna tatizo lake: mikataba mingi inakubebesha dhamana ya gari hadi mfanyakazi atakapolikagua asubuhi. Kwa hiyo tazama saa ya picha watakazokutumia. Gari lilikaguliwa lini? Kuna mteja mwingine aliyekabidhiwa kabla ya ukaguzi? Kama ulipiga picha pale maegeshoni, zitume zote. Na hata kama mkwaruzo ni wako, kagua hesabu yenyewe: mara nyingi ndani yake kuna ada ya ofisi, nayo lazima iwe imeandikwa kwenye mkataba uliosaini.

Wakikaa kimya au wakikataa, angalia kama kampuni ni mwanachama wa European Car Rental Conciliation Service, inayosuluhisha bila malipo baada ya wewe kulalamika kwanza kwa kampuni. Sambamba na hilo, iombe benki yako ipinge muamala. Usichelewe, kwani kwa kadi za Visa na Mastercard muda huwa ni siku 120 hivi.

*Nililipia bima pale kaunta. Mbona wananidai kioo?*

Kwa sababu bima ya kawaida ya kukodi gari mara nyingi huacha nje vioo, matairi, paa na chini ya gari, na hata inapolipa kuna kiasi unachobeba mwenyewe. Soma orodha ya visivyolipiwa. Kama ulinunua bima nyingine pembeni ya kufidia kiasi hicho, kwa kawaida utalipa kwanza, halafu bima ikurudishie ukiwasilisha karatasi zilezile nilizotaja juu.

*Dubai nilikuta mlango umebonyea maegeshoni. Sikwenda polisi, na sasa niko Mombasa.*

Ndugu yangu, hapa sitakudanganya: kule ripoti ya polisi ndiyo kila kitu, gereji haitengenezi wala bima hailipi bila hiyo. Kukwepa dhima yote itakuwa vigumu. Pigania kiasi. Dai ankara, na watenganishe gharama za mlango na Salik (ushuru wa barabara wa Dubai) pamoja na faini za barabarani.

*Nikikataa kuilipa kampuni ya Uingereza, nitanyimwa viza?*

Hofu hii inawafanya watu wetu wengi walipe wasichodaiwa, nami inaniuma. Deni la kampuni binafsi ni mambo ya madai, si jinai. Kanuni za uhamiaji za Uingereza zinataja deni la matibabu ya NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya huko, kuanzia pauni 500; mkwaruzo wa bampa haumo. Hata hivyo usipuuze barua. Wakala wa kukusanya madeni akikuandikia, mjibu kwamba deni linapingwa, na umwambatishie barua pepe zote ulizokwisha kutuma.