Umepewa laini ya kushona uisimamie na mashine mpya zinakuja? Anzia hapa

Wadogo zangu mnaopandishwa usupavaiza viwandani, hasa viwanda vya nguo maana ndiko nilikokulia kikazi, hii ni yenu. Unaambiwa wiki ijayo mashine mpya zinafungwa, laini inapangwa upya, na wewe ndo wa kwenda kuwaambia mafundi wa kushona.

Cha kwanza kujua, fundi akisikia mabadiliko anawaza hela. Mkono wake umeshazoea kuunga kola kwenye cherehani ile ile miaka mingi, anajua ikifika saa nne awe ametoa pisi ngapi, yaani vipande vingapi vilivyokamilika, sasa unamletea kitu ambacho wiki ya kwanza lazima kimshushe spidi hata awe mkali vipi. Kwa hiyo kabla hujaenda kuongea na watu, nenda ofisini ukaulize kipindi cha kujifunza bonasi itahesabiwaje. Pigania tageti ishushwe, au walipwe kwa wastani wao wa mwezi uliopita mpaka mikono izoee, na jibu ulipate kwa maandishi. Ukienda kwa watu bila hilo jibu utaongea mpaka koo likauke, watakuitikia tu ndio bosi ndio bosi, halafu hakuna kitu.

La pili ni kuwashirikisha, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Kuna utafiti ulifanyika kiwanda cha kushona pajama cha Harwood, huko Marion, Virginia, Marekani, ukachapishwa 1948. Kikundi kimoja kilipewa tu maelezo kwamba kazi inabadilika na malipo ya pisi ni haya, basi. Uzalishaji ukashuka ukagoma kupanda, na 17% ya watu wakaacha kazi ndani ya siku 40. Vikundi vingine ambavyo wafanyakazi wote walikaa wakapanga jinsi kazi mpya itakavyofanyika vilirudi kwenye spidi yao haraka wakaipita, na hakuna hata mmoja aliyeacha. Kinachonigusa zaidi ni kwamba wale waliobaki kwenye kikundi kilichokwama walihamishiwa kazi nyingine baadaye, safari hii wakashirikishwa, na wao wakapanda vizuri tu. Walikuwa watu wale wale jamani! Kwa hiyo ukisikia mtu anasema mafundi wa siku hizi wabishi, muulize aliwaita lini wakapanga pamoja.

Kushirikisha sio kikao cha nusu saa bosi anaongea peke yake. Ni kumwita yule mama mzoefu wa laini, yule ambaye wenzake wote humwendea uzi ukikatika katika, akae kwenye mashine mpya kabla ya wote, aseme meza iko juu mno, bando za vipande vya kushona zinakaa upande mbaya, taa inapiga machoni, na yale anayosema yarekebishwe watu wakiona. Halafu yeye ndo awafundishe wenzake. Yule ana heshima yake ambayo imejengwa na spidi, ukimweka sawa na binti aliyeanza juzi bila kumpa nafasi ya kufundisha umemvunja, na akivunjika yeye laini nzima inanuna.

Mafunzo yafanyike kwenye mashine yenyewe. Mfano mota za cherehani za zamani, zile za klachi, zinaunguruma muda wote, fundi anajua kwa sikio kwamba mashine iko on. Hizi mota mpya za sevo ziko kimya kabisa mpaka ukanyage, sasa mtu anaingiza uzi huku mguu umelala kwenye kanyagio, sindano inashuka kidoleni. Fundisha kuzima swichi kwanza kabla ya kugusa sindano, rudia mpaka wachoke. Na zile zinazokata uzi zenyewe ukikanyaga nyuma kwa kisigino, waache wafanye kwenye vipande vya kitambaa chakavu, mguu uzoee kabla ya oda ya mteja.

Swali litakalokuja tu ni la kupunguzwa. Kama hujui usiseme hakuna atakayeondoka, wakija kuondoka watu hawatakuamini tena na watakuwa na haki. Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri anayefikiria kupunguza watu atoe taarifa mapema, aweke wazi sababu, na ashauriane na chama cha wafanyakazi au na wafanyakazi wenyewe kama hakuna chama, kuhusu namna ya kuepuka na vigezo vya nani aondoke. Waambie hivyo, na mwakilishi wa chama mwite mapema kabisa, sio siku umbea umeshaenea kantini.

Na shifti ya usiku msiisahau! Kila kitu hufanyika mchana, mkufunzi yupo mchana, fundi mitambo yupo mchana, wale wa usiku wanakuta mashine mpya na karatasi imebandikwa ukutani. Baki nao usiku wiki ya kwanza, na mdai mkufunzi naye abaki.