Maswali yenu: Wanawake wa maono waliowajibu maaskofu

Makala iliyopita, kuhusu wanawake wa Ulaya ya Karne za Kati waliosema wamesikia sauti ya Mungu, imeniletea barua nyingi. Haya ndiyo maswali yaliyojirudia.

Mtume Paulo ameandika kwamba wanawake wanyamaze kanisani. Hawa walipata wapi ruhusa ya kusema? (Msomaji, Morogoro)

Hawakungoja ruhusa. Upadre walinyimwa na vyuo vilifungwa kwao, ikabaki njia moja: nimetumwa. Wahenga wetu walisema mjumbe hauawi, na hawa walisimama hapo hapo. Hildegard wa Bingen, mtawa wa Ujerumani aliyezaliwa mwaka 1098, alijiita kiumbe dhaifu asiye na elimu, na bado akaandika barua za kumkaripia mfalme wa Ujerumani, Frederick Barbarossa. Unyenyekevu ule ulikuwa wa kweli, na ndio uliompa nguvu. Maneno yakiwa si yake, nani angemwamuru ayameze?

Walikuwa masista wote? (Msomaji, Kisumu)

Hapana, na ninayempenda kuliko wote hakuwa sista. Margery Kempe wa mji wa Lynn, Uingereza, alikuwa mke wa mtu na mama wa watoto 14, aliyewahi kupika pombe ya kuuza hadi biashara ikamfia mkononi. Mwaka 1417 alifikishwa mbele ya Askofu Mkuu wa York. Watu wa nyumba ya askofu walikwisha kumwita mzushi, yaani mpotoshaji wa imani, na kuapa kwamba atachomwa, na pingu zikaagizwa. Haikuwa kutishiana tu: mwaka 1401 William Sawtre, padre aliyewahi kuhudumu Lynn, alichomwa moto London.

Margery mwenyewe alisimulia kwamba alitetemeka hadi akaificha mikono ndani ya nguo, isionekane. Askofu akamwambia amesikia kuwa yeye ni mwanamke mwovu sana. Akajibu kwamba naye amesikia askofu ni mtu mwovu, na kama ni kweli, hataingia mbinguni asipojirekebisha angali hapa duniani. Akatakiwa aape hatafundisha watu jimboni mle. Akakataa: mimbarini hapandi, ila kuzungumza habari za Mungu hataacha. Mwishowe askofu alitoa shilingi tano alipwe mtu wa kumsindikiza atoke. Kila nikimkumbuka naiona ile mikono iliyofichwa. Aliogopa, na akasema.

Mtawa asiye na jeshi wala mali, askofu akimwamuru, atafanya nini zaidi ya kutii? (Msomaji, Bukavu)

Hildegard alikuwa na miaka 80 hivi aliposema hapana. Mwaka 1178 wakuu wa Kanisa wa Mainz, mji wa Ujerumani, waliamuru maiti ya bwana mmoja ifukuliwe katika makaburi ya monasteri yake, kwa sababu marehemu aliwahi kutengwa na Kanisa. Hildegard alijua kwamba mtu yule alikwisha kupatanishwa na kupewa sakramenti kabla ya kufa. Inasimuliwa kwamba alikwenda makaburini na fimbo yake, akafuta alama za kaburi lile lisitambulike.

Adhabu ikawa kali: hakuna Misa, hakuna Komunyo, na sala zisiimbwe tena, zisomwe kwa sauti ya chini. Kwa mwanamke aliyetunga nyimbo maisha yake yote, hilo lilikuwa jeraha. Alitii katazo la kuimba, maiti hakuitoa, na akawaandikia wakubwa wale kwamba wanaozima sifa za Mungu duniani bila haki watakosa nafasi kati ya malaika wamsifuo mbinguni. Adhabu iliondolewa mwaka 1179. Septemba mwaka huohuo akafariki, watawa wake wakiimba tena.

Je, kwa Waislamu walikuwepo? (Msomaji, Lamu)

Naam, na mapema zaidi. Rabia al-Adawiyya wa Basra, Iraki, aliishi katika karne ya 8. Masimulizi yanasema alionekana na moto mkono mmoja na maji mkono wa pili, ili aichome pepo na kuuzima moto wa jahanamu, watu wamwabudu Mungu kwa kumpenda tu. Anastahili makala yake.

Mbona Catherine wa Siena alimwonya Papa akafanywa mtakatifu, na Marguerite Porete akachomwa? (Msomaji, Dodoma)

Swali hili linaniuma. Catherine, Mwitalia wa karne ya 14, binti wa mtia rangi vitambaa, alimhimiza Papa Gregory XI awe mwanamume na aondoke Avignon, mji ulio Ufaransa leo, ambako Mapapa walikuwa wakikaa wakati ule, arudi Roma. Lakini alikuwa na shirika la watawa la Wadominiko nyuma yake, na alitaka kiti cha Papa kiimarike. Marguerite hakuwa na shirika la kumkingia kifua. Aliandika kitabu kwa Kifaransa, lugha ya watu, akisema kwamba roho iliyozama katika upendo haitawaliwi tena na kingine. Askofu wa Cambrai, mji ulio Ufaransa leo, alikichoma kitabu hicho, yeye akaendelea kukisambaza. Alipokamatwa Paris alikataa kula kiapo, akakataa kujibu swali hata moja, karibu mwaka mmoja na nusu. Tarehe 1 Juni 1310 alichomwa moto hadharani, na mwandishi wa habari za wakati ule ameandika kwamba wengi waliotazama walilia. Mjumbe yule aliuawa.

Na kitabu chake? (Msomaji huyohuyo)

Hakikuungua chote. Nakala zilitafsiriwa kwa Kilatini, Kiitalia na Kiingereza, zikasomwa katika monasteri kwa karne nyingi bila jina la mwandishi. Jina lilirudi mwaka 1946, mwanamke mmoja Mwitalia, Romana Guarnieri, alipotangaza kwamba kitabu kile ni cha Marguerite.