Nani akupasue kifundo cha mguu? Majibu kwa wasomaji wa Nairobi

Maswali ya safari hii yanahusu upasuaji wa unyayo na kifundo cha mguu, na karibu yote yanauliza jinsi ya kumpata daktari anayefaa.

Nilianguka na bodaboda, kifundo kikavunjika. Hospitali ya mtaani inasema daktari wao atanipasua kesho. Nitajuaje kama kweli ni mtaalamu? (Msomaji, Kayole)

Pole sana, ndugu. Anza na jambo lisilokugharimu chochote. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, ambalo wengi tunalijua kwa jina la KMPDC, lina sajili kwenye tovuti yake, ambamo unaweza kutafuta jina la daktari ukaona kama amesajiliwa, kama ana leseni ya mwaka huu, na ametambuliwa kuwa mtaalamu wa fani gani. Daktari mpasuaji wa mifupa huwa amesoma miaka kadhaa zaidi baada ya kuwa daktari wa kawaida, ama kwa shahada ya uzamili katika chuo kama Chuo Kikuu cha Nairobi, ama kupitia COSECSA, chuo cha wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoanzishwa mwaka 1999. Ikiwa jina lake halina fani yoyote, una haki ya kuuliza ni nani hasa atakayeshika kisu.

Hata hivyo, sajili haikuambii jambo ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi, yaani ni mara ngapi daktari huyo hufanya upasuaji wa aina hiyo hiyo. Mtu anaweza kuwa hodari wa nyonga na magoti huku kifundo akikipasua kwa nadra. Muulize waziwazi kwa mwaka anapasua vifundo vingapi kama chako, na wale wasiopona vizuri huwapata nini. Aliyeizoea kazi hiyo hujibu bila kununa.

Kuhusu hiyo "kesho": mfupa uliotoka mahali pake hurudishwa siku hiyo hiyo, na jeraha lililo wazi halingoji. Lakini ikiwa ngozi haikupasuka, na mfupa umesharudishwa na kufungwa vizuri, mara nyingi mgonjwa huweza kungoja hata siku 7 hadi 10 ili uvimbe upungue. Madaktari huitazama ngozi mpaka mikunjo yake midogo ionekane tena, kwa kuwa kupasua ngozi iliyovimba hadi ikang'aa ni kukaribisha kidonda kisichofunga. Basi muulize pia kwa nini iwe kesho.

Nina kinundu kando ya kidole gumba cha mguu. Daktari mmoja anataka kukipasua, mwingine anasema nivae viatu vipana kwanza. Nimsikilize yupi? (Mama, South C)

Huyo wa viatu, Mama, angalau kwa sasa. Kinundu hicho si nyama iliyoota, bali ni mfupa wa unyayo uliosogea upande wa ndani huku kidole chenyewe kikilalia vingine, na ndiyo maana kukwangua juu tu hakutoshi. Upasuaji wake hufaa pale maumivu yanapozidi licha ya viatu na dawa, wala haufanywi kwa ajili ya sura ya mguu. Kumbuka jinsi kila mmoja alivyokupima. Je, alikuvua viatu vyote viwili, akakusimamisha, akakutazama kwa nyuma ukijiinua kwa vidole? Je, eksrei ilipigwa ukiwa umesimama? Aliyepanga upasuaji kwa picha uliyopigwa ukiwa umelala, mimi nisingerudi kwake. Viatu vipana, kwa njia, hupatikana hata sokoni Gikomba, ila vijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo.

Baba ana sukari na kidonda chini ya unyayo. Tumtafutie daktari wa mifupa? (Msomaji, Githurai)

Mmoja hatoshi. Tafuteni hospitali ambamo daktari wa sukari, wa mishipa ya damu na wa mifupa hufanya kazi pamoja, kwa sababu kidonda hakiponi ikiwa damu haifiki mguuni. Mguu ukiwa mwekundu, wa moto na umevimba, mpelekeni leo hii, hata kama hausikii maumivu.

Mtoto wetu amezaliwa na nyayo zilizopinda kwa ndani. Ni daktari gani wa kumpasua? (Baba, Rongai)

Pengine upasuaji mkubwa hautahitajika. Njia ya Ponseti hutumia plasta ngumu zinazobadilishwa kila wiki, kwa kawaida 5 hadi 7, kisha watoto wengi hukatwa kidogo kano ya kisigino, halafu huvaa viatu vilivyounganishwa kwa fito, mwanzoni karibu mchana kutwa na usiku kucha, baadaye usiku tu hadi miaka 4 hivi. Hospitali ya CURE iliyoko Kijabe huwatibu watoto wa namna hiyo. Anayewatajia kisu kabla ya plasta, tafuteni maoni mengine.

SHA, bima ya afya ya serikali, italipa yote? (Msomaji, Umoja)

Usidhani hivyo. Omba makadirio yaliyoandikwa, yakitenganisha ada ya mpasuaji, ya nusukaputi, ya chumba cha upasuaji, vyuma vinavyowekwa mfupani na fiziotherapia, na uhakikishe idhini ya SHA imetoka kabla ya kulazwa. Uliza pia kama bei ya vyuma inahusu kuviondoa baadaye, ikibidi.