Je, "kiziwi" ni tusi?
Ndugu uliyeuliza kama neno "kiziwi" ni tusi, jibu langu ni hapana, kwa kuwa viziwi wengi hapa Uganda hujiita hivyo wenyewe, wakijitambua kuwa jamii yenye lugha yake ya alama, ambayo Katiba ya mwaka 1995 inaitaka serikali iiendeleze. Linaloumiza ni "bubu", kwani humfanya anayezungumza kwa mikono aonekane hana la kusema. "Kasiru", neno la Kiganda la kumwita mtu bubu, huchoma zaidi, maana hubeba pia dharau ya ujinga. Katika barua za ofisi mimi huandika "mtu mwenye ulemavu", nikitanguliza utu wake kabla ya ulemavu. Jirani yangu asiyeona, hata hivyo, hupendelea "kipofu", nami nilimwuliza kwanza.