Maswali yenu ya tini chachu za Cape, someni mpaka chini kabla ya kuuliza tena

Nipo Cape Town, nimeona matunda ya huu mmea unaotambaa mchangani nikang'ata moja, meno yakafa ganzi. Yanaliwaje?

Hiyo ndo tini chachu yenyewe, uling'ata bichi, tena na ganda. Ngoja kiangazi cha huko, tunda lijikunje liwe la kahawia. Ng'ata kitako chake uteme, halafu minya, jeli yenye vimbegu inatoka unafyonza. Ni chachu, tamu kidogo, na kachumvi kwa mbali. Wenyeji wanaita suurvy, wanayaloweka usiku kucha wanachemsha na sukari na tangawizi yanakuwa jemu, hapo hata ganda linaliwa.

Maua yalikuwa njano sasa yanageuka pinki, nipige dawa gani?

Hakuna, yanazeeka tu.

Eti linatibu kisukari?

Jamani, tena? Utomvu wa majani wenyeji wanapaka wakiungua na jua au wakiumwa na mbu, wengine wanasukutua koo likiuma. Kisukari nenda kliniki, na vidonge usiache kisa umeona video.

Niko California, nyuma ya nyumba kuna mteremko udongo unaporomoka, nipande huu maana unafunika haraka?

Unafunika haraka kweli, na hapo ndo shida ilipoanza. Huko kwenu waliupanda kando ya reli mwanzoni mwa miaka ya 1900 kuzuia udongo, wakaendelea pembeni mwa barabara kuu mpaka miaka ya 1970, sasa wanahangaika kuung'oa ufukweni maana umefunika mimea ya asili yote. Na mteremko hauushiki hivyo unavyodhani, mizizi ni ya juu juu, majani yamejaa maji, mvua ikipiga uzito unazidi zulia zima linateleza na udongo wako. Ukitaka kuung'oa usiache hata kipande chini, kila pingili inatoa mizizi, na mbegu zinabaki udongoni miaka kadhaa kwa hiyo rudi kukagua. Ureno nao wanaupiga vita hivyo hivyo, lakini watu bado wanagawiana vikonyo vya kupanda kana kwamba ni zawadi ya harusi.

Narudi Dar Desemba, niweke kikonyo kimoja kwenye begi?

Usiweke. Mmea kuingia nchini unataka kibali na cheti cha afya ya mimea, TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania, wapo kwa kazi hiyo, na hata ukipata kibali sioni kwa nini uhamishie tatizo la California kwenye fukwe zetu wakati ule mtambaa wetu wa maua ya zambarau unashika mchanga bure. Beba jemu.