Nimebadilisha sensa, taa ya injini imewaka tena: P0171 inasema nini?

SWALI: Nina Toyota IST ya mwaka 2005 ninayoitumia kila siku kati ya Muheza na Tanga mjini. Taa ya injini iliwaka, fundi akachomeka mashine ya kusoma makosa, ikatoa namba ya kosa P0171, akaniambia sensa ya oksijeni imekufa. Nilinunua nyingine, akaifunga na kuifuta namba. Baada ya siku nne taa ikawaka tena kwa namba ileile, na sasa asubuhi gari linamisi (injini inakatakata) likiwa sailensi, yaani linaunguruma bila kukanyaga mafuta. Je, mashine ilidanganya, au niliuziwa sensa mbovu?

JIBU: Mashine haikudanganya, na yawezekana kabisa kwamba sensa uliyoitoa ilikuwa nzima. P0171 haitaji kifaa kilichokufa. Inaeleza kwamba kompyuta ya injini, kwa kutazama oksijeni iliyobaki kwenye moshi, imeona hewa ni nyingi kuliko petroli, ikaongeza petroli kidogo kidogo hadi ikafikia kikomo ilichowekewa, ndipo ikawasha taa. Sensa ya oksijeni ndiyo iliyopeleka habari hiyo. Mjumbe hauawi, lakini wa kwako ameuawa na habari imebaki vilevile. Sensa iliyokufa kweli mara nyingi hujitaja kwa namba zake, kwa mfano P0135, ambayo ni ya hita iliyomo ndani yake.

Namba hizi zina mpangilio. Herufi P ni injini na gia, B ni bodi, C ni chesisi pamoja na breki za ABS, na U ni mawasiliano baina ya kompyuta za gari. Sifuri inayofuata inaonyesha kwamba maana yake ni moja kwa watengenezaji wote. Ukikuta 1 mahali hapo, namba ni ya mtengenezaji mwenyewe, na maana uliyoisoma kwa gari la kampuni nyingine haikufai. Tarakimu inayofuata baada ya hapo hutaja eneo: 1 ni hewa na mafuta, 3 ni uchomaji, 7 ni gia. Mbili za mwisho ndizo tatizo lenyewe. Ukisikia P0171 ikitajwa pamoja na “benki ya kwanza”, ujue ni upande wenye silinda namba moja, na injini yako ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja haina benki nyingine.

Baada ya namba, fundi wako alipaswa kufungua ukurasa wa takwimu za injini ikiwa inaunguruma, na hapo ndipo wengi wetu huishia njiani. Kuna tarakimu mbili za marekebisho ya mafuta, yaani petroli ambayo kompyuta imeongeza au kupunguza, ya muda mfupi na ya muda mrefu, zinazoandikwa kwa asilimia. Zijumlishe. Mimi sina wasiwasi jumla ikiwa chini ya 10. Ikifika 20 au 25, kompyuta inahangaika. Zisome injini ikiwa sailensi na tayari imepata joto, kisha upandishe hadi mizunguko 2,500 kwa dakika na uzisome tena. Zikiwa juu kwenye sailensi na kushuka ukikanyaga mafuta, kuna hewa inayoingia bila kupimwa, kwa sababu kwenye sailensi injini huvuta hewa kidogo, hivyo ile ya wizi huwa sehemu kubwa ya yote. Zikipanda injini inapobeba mzigo, kama unapokwea kutoka Mombo kwenda Lushoto, shuku pampu ya petroli, chujio lake, au sensa ya hewa (inayopima hewa inayoingia kwenye injini) iliyoshika vumbi.

Kwa kuwa lako linamisi kwenye sailensi, ningeanza na mpira wa kupumulia injini, ule unaotoka kwenye kifuniko cha vali kwenda kwenye manifoldi, bomba linalogawa hewa kwa silinda. Mwezi uliopita niliushika mmoja ambao kwa juu ulikuwa mweusi na mzima. Nilipoukunja kwa vidole, upande wa chini kwenye kona ulifunguka mdomo wa upana wa kucha. Baada ya hapo kagua gasketi ya manifoldi, kisha ichomoe soketi ya sensa ya hewa, injini ikiwa imezimwa, utazame pini zake. Magari yanayolala karibu na bahari, huku Raskazone kwa mfano, hunijia na unga wa kijani kwenye pini, na gari la namna hiyo halihitaji sensa mpya.

Namba isifutwe, wala betri isitolewe, kabla ya kunakili kumbukumbu ya wakati kosa lilipotokea: joto la injini, mizunguko na mwendo. Ukifuta, vyote hupotea. Tatizo likiondoka kweli, taa huzimika yenyewe baada ya safari tatu mfululizo zisizo na kosa. Lakini taa ikianza kupepesa badala ya kuwaka tu, punguza mwendo na usimame mahali salama, kwa sababu petroli isiyoungua huingia kwenye katalisti, kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosi, na kuiunguza, na bei ya katalisti unaijua.

Ukitaka kununua kifaa kidogo cha bluetooth ili ujisomee mwenyewe, kijaribu kwanza kwenye gari lako kabla ya kulipa. Baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana tundu la pini 16 kama mengine, lakini hayajibu kifaa cha kawaida.

Sensa ya zamani, kama fundi hajaitupa, mwombe akurudishie. Mpira ukishabadilishwa na tarakimu zikashuka, ipanguse, uifunge kwenye mfuko na uiweke akiba.